Mchanga Kwenye Kochoko

Sikuzani aliipenda mashine ile kupita kiasi, na balaa lote lilianzia hapo. Kampuni ya ng'ambo ndiyo iliyoileta kijijini Nambilanje msimu uliopita: kabati kubwa la kioo la kukaushia mabibo kwa jua, yasiendelee kuozea chini ya mikorosho. Ahadi ilikuwa wazi. Kikundi cha akina mama kikiitumia vizuri, wenye mtaji wangeleta nyingine na kununua mzigo wote. Ikawekwa uani kwa mwenyekiti, yaani kwa Sikuzani.

Basi naye akaitunza kama sahani za wageni. Akaifunika kitenge kipya, akawa anaifuta kila Ijumaa. Jirani na mwenzake wa kikundi, Beatrisi, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji, alipokuja na beseni la mabibo, aliishia mlangoni.

"Subiri wenyewe waje waione ikiwa safi," Sikuzani alimwambia. "Tukiichafua watatuonaje?"

Beatrisi akarudi na beseni lake, akayaanika mabibo chini, kwenye turubai la kuanikia ufuta.

Wenyewe wakaja na pikapu: mama mmoja wa Kizungu na Faridi, afisa wao wa Nachingwea. Sikuzani akaivua kitenge kwa madaha. Trei za ndani zilikuwa bado na nailoni zake.

"Anauliza, imefanya kazi?" Faridi akatafsiri.

"Sana!" Neno lilimtoka kabla hajafikiri.

"Basi anaomba kuonja."

Akina mama wa kikundi, waliokuwa wamekaa uani, wakainamisha vichwa. Ndipo Beatrisi akanyanyuka bila kutumwa, akaenda kwake, akarudi na sahani ya kochoko, yale mabibo yake makavu, akaiweka mbele ya mgeni kana kwamba imetoka kabatini.

Mgeni akatafuna. Kitu kikalia kati ya meno yake. Akatema kiganjani, akatazama, kisha akapitisha kidole juu ya kioo kisicho na chembe ya vumbi.

"Anauliza," Faridi akasema, macho yakiwa chini, "mchanga umeingilia wapi?"

Sikuzani alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Haijatumika hata siku moja," akasema hatimaye. "Mimi ndiye niliyewazuia wenzangu."

Mgeni hakugomba. Alisema na Faridi kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko matusi. Mashine ingepelekwa Malolo, kwenye kikundi kingine kilichokuwa kikiisubiri.

Walipokuwa wanaipakia, Sikuzani alijikuta anakimbia na kitenge, isije ikashika vumbi njiani. Faridi akamrudishia taratibu.

"Iache tu, mama. Hii ni ya kazi."

Pikapu ikaondoka. Beatrisi akamsogelea kwa nyuma.

"Nisamehe, dada Sikuzani. Ningeyaosha vizuri yale mabibo, wasingejua."

Sikuzani hakuweza kumgeukia. Akajifunika uso kwa kitenge kile, ambacho kilikuwa bado kipya.