Ngoma ya Mchezaji Mmoja

Haya yote ni kweli tupu, na ukinikuta na uongo hata wa ukubwa wa punje ya ulezi, jogoo wangu mwekundu ni wako. Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Namnyaki siku aliyokuja kulalamika kwamba mimba yake ina miezi mitano na mtoto bado yuko kimya. Nikamwambia akae, nimpe habari za mwenzake.

Bibi yangu Nashipae alifika mwezi huohuo wa tano wakati Wajerumani wanajenga boma lao hapa Arusha. Tumbo lilishakataa kufichika. Mgongo ulimuuma, alilala ubavu, na alilamba magadi kama mbuzi. Mumewe, babu yangu Lemburis, ambaye hakuwa na mimba yoyote, naye alilamba magadi hukohuko bomani alikobebeshwa mawe. Ila mtoto hakucheza. Majirani wakaanza kunong'ona. Mama mkwe akasema mtoto huyo anangoja sauti ya baba yake, na baba haruhusiwi kutoka hadi mwezi uandame.

Lemburis akaenda kwa bwana mkubwa wa boma. Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi, na mkalimani alikuwa mtu wa Pangani.

"Bwana, mimi naomba kwenda nyumbani. Mtoto bado kucheza."

Mkalimani akamweleza bwana kuwa huyu anaomba ruhusa ya ngoma.

"Wachezaji wangapi?" bwana akauliza.

"Moja."

"Inachezwa wapi?"

"Ndani ya mama yake."

Mkalimani aliona haya kulitamka hilo. Akasema, "Ndani ya nyumba ya mama yake."

Bwana hakuwahi kusikia ngoma ya mtu mmoja. Akavaa kofia, akapanda naye na mkalimani mpaka nyumbani kwake Sekei kuikagua. "Nisipoona ngoma," akamwambia njiani, "viboko ishirini na tano."

Wakamkuta Nashipae amejiegemeza kwenye ngozi, kibuyu cha maziwa juu ya tumbo. Kile cha shingo ndefu, chenye mshono wa shanga nyeupe pale kilipopasuka. Bwana akapewa kigoda. Akangoja. Lemburis akapiga magoti, akalisemesha tumbo.

"Mwanangu, mimi nina mgongo mmoja tu. Cheza."

Kimya. Bwana akatoa saa mfukoni. Mkalimani akautazama mlango.

"Hata kidogo, baba! Hata kidole!" Lemburis akalisihi tumbo.

Nashipae akashtuka, akashika ubavu. "Lemburis! Huyo!"

Teke lilikuwa moja tu. Kibuyu kikapaa, kikamvua bwana kofia, kikatokea mlangoni, kikapita juu ya migomba, kikaenda kuanguka Kikatiti, mwendo wa siku nzima. Hakijaonekana mpaka leo. Bwana akaandika kwenye daftari lake: "Ngoma imechezwa. Mchezaji mmoja. Hodari." Lemburis alirudishwa kwenye mawe alasiri ileile, lakini kuanzia hapo alibeba mawili mawili, akicheka peke yake.

Namnyaki akanikazia macho.

"Babu, hicho kibuyu kilikuwa na shanga nyeupe?"

"Nyeupe."

"Na shingo ndefu?"

"Ndefu, mama."

Akainuka kwa shida, mkono kiunoni, akaingia jikoni. Alirudi na kibuyu nilichonywea maziwa asubuhi.

"Cha Bibi Nashipae. Uliniambia mwenyewe, Pasaka."

Nikamwambia labda kilirudi kwa miguu. Kikatiti si mbali.

"Jogoo, Babu."

Nilimchinja mwenyewe. Namnyaki alikunywa supu bakuli la kwanza bila kupumua, mimi nikaachiwa shingo. Bakuli la pili alilipumzisha juu ya tumbo ili lipoe. Mara supu ikatikisika, ikamwagika kidogo kwenye kanga. Akaliangalia tumbo, kisha akaniangalia mimi, macho yamejaa machozi na kinywa kimejaa kicheko.

"Babu, umeona?"

Sikusema neno. Sikuwa na jogoo mwingine.