Pikipiki Isiyozimwa

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumapili, pikipiki ilikuwa katikati ya ua na injini yake ilikuwa baridi. Mwokaji mikate alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku muda si mrefu; unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake. Siku nyingine angekuwa ameshapiga kiki. Kuiwasha pikipiki ya mkewe ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kulala. Leo dada yake alimpigia simu akamwambia asiiguse.

Mkewe alikuwa muuguzi wa majumbani. Alizungukia wagonjwa wasioweza kufika kituoni: waliopooza, wenye vidonda, wazee wa kitandani. Goti lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na daktari alimkataza kabisa kupiga kiki. Stata ya kubonyeza kitufe ikikataa, alikuwa hana njia nyingine ya kuiwasha. Wiki iliyopita injini ilimzimikia njiani, na bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu alikaa na bandeji chafu mpaka jioni. Msimamizi hakugomba. Alisema tu kwamba ikitokea tena, mzunguko atapewa mwingine, na yeye atahamia kwenye dirisha la dawa. Kesho ilikuwa Jumatatu.

Dada mtu alikuwa fundi umeme wa magari. Alifika na gari lake la kazi, akaliegesha karibu na ngazi, akateremsha mita ya kupimia umeme na mkoba wa spana. Alitembea kama mtu ambaye naye Jumapili hii alikuwa ameipangia kulala.

"Haya, wifi. Mgonjwa wetu anasumbuliwa na nini?"

"Muulize kaka yako," muuguzi alisema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mguu wa kulia umenyooshwa. "Yeye ndiye daktari wake. Amembadilisha moyo, amembadilisha na mapafu, na mgonjwa bado hanyanyuki."

"Umebadilisha nini, wewe?"

"Betri," mwokaji alisema. "Halafu stata."

"Ulipima?"

"Nipime nini, dada? Ukibonyeza inasema ka, basi. Nikajua betri."

"Na betri mpya ikasemaje?"

"Ka."

"Ukaona ununue na stata, nayo ije iseme ka."

Mwokaji aligeuza ndoo kitako juu, akaikalia, akaegemeza kichwa ukutani.

Fundi alifungua kiti cha pikipiki na kuweka ncha mbili za mita kwenye betri. Mita ilisoma volti kumi na mbili na nukta mbili. Betri hiyo ilikuwa mpya. Ingekuwa imejaa, ingesoma karibu kumi na mbili na nukta saba.

"Ina njaa," alisema. "Lakini haijafa. Wifi, njoo ubonyeze."

Muuguzi alijikokota akaja, akabonyeza. Relei, swichi inayoipa stata umeme, ikagonga mara moja. Mita ilishuka kidogo tu, ikabaki juu ya kumi na moja.

"Umeona?"

"Nimeona namba."

"Stata ingekuwa inavuta umeme kweli, betri yenye njaa ingeanguka mpaka nane, saba huko. Hii haijaanguka. Maana yake umeme hauendi. Kuna mahali umezuiwa."

Hata hivyo hakutaka kuamini namba moja. Alisogeza gari lake, akazima injini, akaunganisha betri yake na ile ya pikipiki kwa waya nene. Betri ya gari ilikuwa imejaa. Muuguzi akabonyeza. Ka.

"Basi betri tumeitoa kwenye kesi," fundi alisema.

"Kwa hiyo stata," mwokaji alisema akiwa amefumba macho.

"Wewe lala."

Aliweka ncha moja ya mita kwenye kichwa chanya cha betri na nyingine kwenye bolti inayopeleka umeme kwenye stata. Kitufe kilipobonyezwa, mita ilisoma karibu na sifuri. Upande huo ulikuwa mzima. Kisha akaweka ncha moja kwenye kichwa hasi na nyingine kwenye chuma cha injini. Muuguzi akabonyeza tena. Mita ilisoma volti saba.

Fundi aliirudia. Saba.

"Hapa palitakiwa pasome sifuri na kitu. Volti saba zinapotea kati ya betri na injini, kwenye waya wa hasi. Stata inaletewa makombo."

Waya huo ulitoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye fremu, chini ya tenki. Fundi aliifungua bolti, akauinua waya, akamulika kwa tochi ya simu. Chini yake kulikuwa na rangi ya kijani, laini, nzito, isiyo na mkwaruzo.

"Nani kapaka hii?"

Mwokaji alifumbua macho.

Pikipiki ilipakwa rangi wakati muuguzi amelazwa. Mwokaji aliifungua yote, akapaka fremu makoti mawili, akairudishia kila kitu pale kilipokuwa. Alitaka mkewe akitoka hospitali aikute mpya. Stata ilipokataa siku ya kwanza, alidhani ni kwa sababu pikipiki ilikaa muda mrefu bila kutumika.

"Rangi haipitishi umeme," fundi alisema. "Umeifunga kama unafunga mlango. Umeme unapenya kwenye nyuzi za bolti tu. Zinatosha kuwasha taa. Stata haziitoshi."

"Nilitaka ipendeze."

"Imependeza."

Muuguzi alimtazama mumewe, kisha akatazama ile kijani.

Fundi alikwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaisugua pia ncha ya waya, akafunga, akapaka grisi kwa juu. Kitufe kilipobonyezwa, huku betri ya gari ikisaidia, stata ilizunguka kwa kasi na injini ikawaka. Mwokaji alisimama.

"Kaa," dada yake alisema. "Hatujamaliza. Betri ya wiki tatu ina njaa ya nini?"

Alitoa waya za gari, akapima huku injini ikinguruma polepole na taa ikiwaka. Kumi na mbili na nukta tatu. Akazungusha mkono wa mafuta: kumi na nne na nukta mbili. Akauachia: ikarudi chini.

"Pikipiki ya zamani hii. Ikinguruma tu bila kwenda, haijazi betri. Taa inakula zaidi ya kinachoingia. Wifi, ukifika kwa mgonjwa unafanyaje?"

"Naingia ndani."

"Na pikipiki?"

Muuguzi alikuna goti. "Siizimi."

"Popote?"

"Popote. Nikiizima nani ataniwashia? Kaka yako yuko hapa anakoroma."

"Kwa hiyo unaiacha inanguruma getini mpaka umalize kufunga kidonda. Unaogopa isije ikakataa, na huko kuogopa ndiko kunakoimaliza. Ndiyo maana wiki iliyopita ilipozimika yenyewe, ukawa huna kitu: rangi imeizuia stata, na betri nayo ina njaa."

"Sasa mnanilaumu mimi?"

"Nawalaumu wote wawili. Mnafaana."

Alichomoa betri, akaipeleka ndani kwenye chaja aliyokuja nayo, akasema ibaki hapo mpaka jioni. Mwokaji alikuwa ameshalala juu ya ndoo, mdomo wazi. Walimwacha.

Jumatatu muuguzi alibonyeza kitufe mwenyewe, pikipiki ikawaka. Kwa bibi wa kidonda alisimama getini, injini ikinguruma, mkono juu ya ufunguo. Mkwe wa bibi alitoka akamuuliza kama kuna tatizo. Alisema hakuna. Akazima. Alipomaliza bandeji na kurudi nje, alibonyeza akiwa ameangalia pembeni. Iliwaka. Alizima kwenye kila nyumba iliyofuata.

Alasiri alirudi kituoni na mkoba wa dawa. Msimamizi aliupokea, akauliza kidonda kinaendeleaje.

"Kinakauka. Pembeni kuna wekundu kidogo."

"Basi kesho uanzie kwake," msimamizi alisema, na akamrudishia mkoba.