Krismasi na Mpangaji wa Mama

Fundi miwani alipofika kwao, siku moja kabla ya Krismasi, aliyemfungulia mlango hakuwa mama yake. Alikuwa msichana mrefu mwenye taulo begani na povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Karibu, dada," alisema. "Pita ndani, uwe huru."

Fundi miwani alikuwa amezaliwa katika nyumba hiyo. Alishusha begi mlangoni, akapita, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alijua kwamba mama ana mpangaji. Mama alimweleza kwa simu: msusi mmoja, binti mtulivu, amechukua kile chumba cha nyuma. Asichoambiwa ni kwamba mpangaji huyo huingia popote bila kubisha hodi, na kwamba alikuwa akimwosha mama miguu.

Mama alikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni. "Kitinda mimba wangu," alisema, akafungua mikono bila kuinuka. Walikumbatiana kwa muda mrefu. Mama alikuwa amepungua. Mifupa ya mabega ilishikika. Kisha, akiwa bado amemshika, akasema, "Mwanangu, maji yamepoa."

Fundi miwani aligeuka haraka akachukue ya moto. Msusi alikuwa tayari amesimama hapo na birika.

Krismasi tatu zilikuwa zimepita bila yeye kuja. Kila mwaka aliomba radhi kwa simu, kila mwaka sababu ilikuwa kazi, na mama hakuwahi kulalamika. Safari hii alikuja na zawadi aliyoamini itafidia yote. Mama alikuwa mpiga chapa mahakamani maisha yake yote, na kazi ile ilimmaliza macho. Basi fundi alimtengenezea miwani kwa mkono wake, jioni baada ya karakana kufungwa. Alisaga lenzi mwenyewe, akalainisha kingo, akachagua fremu nyepesi kwa kuwa mama hulalamika kwamba miwani humwachia alama puani.

Baada ya chakula cha jioni alimvalisha. Mama alijitazama kwenye kioo cha kabati.

"Nimekuwa kama jaji," alisema, akacheka. Halafu akanyoosha mkono achukue kikombe chake, na vidole vikagusa meza, pembeni kabisa ya kikombe.

Fundi alielewa papo hapo. Lenzi zile zilifuata kipimo cha zamani, alichokuwa nacho tangu siku alipompima mama mwenyewe. Macho yalikuwa yamebadilika.

"Mama, ulipimwa tena?"

"Mwenzako alinipeleka. Nilikuwa natia chumvi kwenye chai."

Msusi alichukua miwani nyingine juu ya televisheni, akaiweka mezani. Ilikuwa ya bei rahisi, lenzi nene, mkono mmoja umekaa upande. Fundi aliiinua kwenye mwanga wa taa, akaisogeza mbele na nyuma jinsi afanyavyo kazini. Aliomba apate kosa. Kipimo kilikuwa sawa kwa mama, hakukuwa na cha kusema.

"Kesho nakwenda kanisani na hii ya mwanangu," mama alisema, akaigusa ile mpya usoni.

Usiku huo fundi alilala na mama kitanda kimoja, kwa sababu chumba chake, kile cha nyuma, sasa kilikuwa na mwenyewe.

Asubuhi walitoka watatu, mama katikati. Kwenye ngazi za kanisa mguu wa mama ulitafuta kidato mahali ambapo hakikuwepo. Kabla fundi hajanyoosha mkono, msusi alikwishamdaka kiunoni. Akafungua mkoba wake, akatoa ile miwani ya mkono uliopinda, akambadilisha mama kimyakimya, kama mtu anayempangusa mtoto pua, kisha wakaendelea kupanda. Yote yalifanyika upesi kiasi kwamba waliokuwa nyuma hawakutambua kitu. Fundi alitambua. Roho ilimuuma hata hakusikia wimbo wa kwanza.

Baada ya ibada mama mmoja wa kwaya alimsalimu msusi, akauliza hali ya nyumbani, kisha akamgeukia fundi na kumpa mkono.

"Na huyu ndiye mgeni wenu wa sikukuu?"

Fundi alitabasamu. Alitabasamu mpaka mashavu yakamchoka.

Waliporudi, mama alikwenda kujinyoosha kidogo. Jikoni, kuku alikuwa kwenye oveni na msusi alikuwa akimenya viazi, akiimba kwa sauti ya chini. Fundi alifungua kabati akitafuta chumvi. Akafungua la pili.

"Iko nyuma ya majani ya chai, dada," msusi alisema bila kugeuka.

Hapo ndipo yalipomtoka. "Leo tungependa kula wenyewe. Familia tu."

Kisu kilisimama. "Mama anajua?"

"Ni mama yangu. Namfahamu."

Msusi aliosha mikono, akaifuta kidole kwa kidole. "Umgeuze kuku, asije akaungua upande mmoja," alisema. Akachukua mkoba, akatokea mlango wa nyuma.

Fundi alitarajia kufurahi. Alimenya viazi vilivyobaki, akapanga sahani mbili, akazitazama. Mama aliingia akiwa na nywele zilizolala upande, akazitazama pia.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amekwenda saluni. Amesema ana wateja."

"Leo? Amesuka watu wiki nzima mpaka vidole vimevimba, ili leo apumzike." Mama akavuta kiti, akakaa. "Umemwambia nini?"

Fundi alijaribu kujikaza, ikashindikana. "Mama, nimekuja kukuona wewe. Kila nikigeuka, yeye. Anajua dawa zako, anajua ngazi zako, anajua macho yako. Mimi ndiye fundi wa macho. Chumvi ya nyumba hii nimeonyeshwa na mtu baki."

"Huyo mtu baki ndiye aliyeniokota bafuni nilipoanguka."

"Ulianguka lini?"

"Nilianguka. Sikukwambia kwa sababu ungekuja mbio kwa hofu, na mimi sikutaka uje kwa hofu. Nilitaka uje kwa sababu umenikumbuka." Sauti ya mama haikupanda. "Nenda kamlete. Mimi siwezi kwenda kumwomba msamaha kwa kosa ambalo si langu."

Saluni ilikuwa mtaa wa pili, lango la chuma limeinuliwa nusu. Fundi aliinama akaingia. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele na nywele zilizochomwa. Msusi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, viatu amevua, anakula biskuti.

"Mama amekutuma," alisema.

"Amenituma." Fundi alibaki amesimama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno ya heshima, yote yakamkimbia. "Nimekuonea wivu. Tangu ulipofungua mlango."

Msusi alicheka, lakini si kwa furaha. "Wewe? Dada, mimi nalala chumbani kwako mwaka wa pili, na sijaruhusiwa kusogeza kitanda. Sketi yako ya shule bado inaning'inia kabatini. Nikipika, naambiwa mwanangu alikuwa hatii vitunguu vingi. Nikicheka, naambiwa nacheka kama wewe. Wakati mwingine ananiita kwa jina lako, nami naitika, maana nikimsahihisha uso unamshuka." Alikunja karatasi ya biskuti ikawa ndogo kabisa. "Mama yangu mimi yuko hai. Ana mume ambaye hataki nivuke mlango wake, na yeye amekubali. Jana nilipokuona na begi lako nilijisemea, haya, mwenye mama amefika. Lile neno la uwe huru nililisema makusudi."

"Lilinichoma."

"Ndivyo nilivyotaka."

Fundi alivuta kiti kingine akaketi, na kwenye kioo kikubwa nyuso zao zilikuwa sambamba, zote zimenuna.

"Nisamehe kwa lile la jikoni," alisema mwishowe. "Halikuwa langu kusema."

"Kuku umemgeuza?"

Fundi alishika kichwa. Msusi akaanza kutafuta viatu vyake kwa miguu.

Walimkuta mama mezani, sahani tatu zimepangwa, naye ameshaanza kula. "Mimi nilikuwa na njaa," alisema. Kuku alikuwa mweusi ubavu mmoja. Hakuna aliyemtaja.

Mama alikata paja, akaliweka kwenye sahani ya msusi. Fundi alilifuata kwa macho. Tangu utotoni paja lilikuwa lake, na kile kitu kifuani kikainua kichwa tena, kilekile cha jana. Angeweza kununa. Alikuwa hodari wa kununa.

"Na mimi nataka paja, mama," alisema.

Mama akamtazama, midomo ikianza kucheka. "Lete sahani," alisema, akashika kisu tena.