Jaza Mguu wa Kushoto

Mke wangu Maximilla aliteleza kwenye ngazi za zahanati, zile zilizoachwa bila vyuma vya kushika kwa sababu wakubwa wa kaunti walikuwa wameshakata utepe. Nyonga ikavunjika. Madaktari walikuwa kwenye mgomo. Tulimzika kabla mahindi hayajatoa ndevu, na wale wale wa utepe wakatuma hema la matanga, wakapewa na nafasi ya kuongea.

Aliniachia fahali. Huku kwetu Malinya mwanamke hatajwi kuwa mwenye fahali wa kupigana, lakini aliyemkatia majani ya nepia kila asubuhi ni yeye, na jina alimpa yeye: Kaunti. "Anakula, analala, na hakuna wa kumuuliza," alisema.

Baada ya matanga nikaanza kuanguka. Nilianguka shambani, nikaanguka mlangoni pa choo, kisha nikaanguka mbele ya Kaunti mwenyewe, kamba mkononi. Mwanangu Joash, anayefanya kazi Bukura, akaja. Hata hakuketi.

"Baba, huyu dume atakuua. Ukianguka tena, namwita Barasa wa bucha."

"Utachinja jasho la mamako?"

"Mama hayuko. Wewe ndiye uko."

Ndiyo maana nilienda kwa mambo ya Wachina. Sista Jepkorir, msichana anayenyoosha viungo vya wagonjwa, alikuwa akifundisha wazee tai chi, yale mazoezi yao ya polepole, kwenye nyasi nyuma ya zahanati. Nilipita zile ngazi bila kuziangalia.

"Polepole, Mzee. Jaza mguu wa kushoto, kama unamimina maji. Sasa wa kulia ni mtupu, unaweza kuinuka."

Tukawa tunasukuma hewa kwa viganja. Jirani yangu Muhonja, mjane naye, akacheka.

"Shemeji, unafukuza nzi ama unabariki watu?"

"Angalia miguu yako. Unatetemeka kama kuku aliyenyeshewa."

"Aliyenyeshewa bado anataga!"

Mimi nilifanya kosa la watu wa fahali. Sisi kamba ikivuta tunachimba visigino, tunakaza magoti, tunaegemea nyuma. Sista akanigusa bega kwa kidole tu, nikayumba.

"Unapigana na nani, Mzee?"

Ningemtajia, lakini wako wengi.

"Legeza magoti. Sikiliza nyayo zako. Ukivutwa usikatae, enda na huo mvuto kidogo, kisha tulia."

Nikafanya nyumbani nikishika ukuta, halafu bila ukuta. Asubuhi moja nikahisi kidole changu kidogo cha mguu kikigusa udongo. Uzee wote huu sikuwahi kujua kwamba nacho kina kazi. Nikaacha kuanguka. Joash akipiga simu, nilimjibu nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, kumkomoa tu.

Kisha wakubwa wakasikia kwamba wazee wamepona. Wakaja na kamera. Tulisimamishwa juani tangu asubuhi tukiwangoja, na walipofika mchana wakatupanga kwenye baraza la vigae, lililokuwa limepigwa deki kwa ajili yao.

"Hapa kumelowa, na wamechoka," Sista alisema. "Twendeni kwenye nyasi."

"Kwenye nyasi picha haitoki vizuri," mkubwa akajibu. "Mzee, inua mguu. Juu zaidi!"

Nikainua. Nikaanguka.

"Kata hapo," mkubwa akamwambia mtu wa kamera. Mimi hakuniambia kitu. Lakini simu za watu ziliendelea kurekodi, na Joash kule Bukura aliniona nikianguka kabla sijafuta damu.

Kesho yake akaja na Barasa na lori.

"Sakafu ilikuwa na maji," nikasema.

"Baba, kila mara kuna kitu."

"Basi nitamtoa zizini mwenyewe."

"Mzee, acha vijana washike," Barasa akasema.

"Kijana gani alimlisha?"

Nikafungua kamba. Kaunti alipoliona lori akarusha kichwa, kamba ikaniunguza viganja. Sikuchimba visigino. Nilimimina uzito wote kushoto, nikaenda naye, nikatulia. Akavuta tena, nikaenda naye tena. Hivyo hivyo tukapita nyumba, tukapita kaburi la Maximilla, tukapanda ubao mpaka ndani ya lori. Nikamfunga, nikateremka. Sikushika kitu wala mtu.

Joash akatazama miguu yangu. "Baba, hukuanguka."

"Ulitaka nianguke?"

Akamgeukia Barasa. "Ngoja kwanza. Labda tumwache—"

"Labda gani?" Barasa alikuwa ameshatia komeo. "Kesho ni siku ya soko, watu wangu wanangoja nyama. Mlipatana wenyewe hapa nyumbani, mimi nimeitwa tu."

Lori likaondoka. Kaunti alilia mara moja, mbali, karibu na barabara kubwa. Joash akaingia ndani akaniletea kiti.

Nikamwambia akae yeye.