Madumu Saba kwa Amri Moja

Katika sinagogi yetu ya Isingiro hakuna asiyeijua kanuni hii: mtu mzima anaposimama kufundisha kwa mara ya kwanza, akikosea jambo la Torati, huketi papo hapo na hasimami tena mpaka mwaka upite. Lakini anayemkatiza bila haki hubeba maji ya kunawia mikono, dumu moja kila Ijumaa, kwa majuma saba. Kanuni hiyo niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikaibandika mlangoni.

Niliiandika kwa kuwa nawajua watu wazima. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne, nami nilisomeshwa na wamisionari wa Kilutheri, ambao hawakumruhusu mtoto kusema "nadhani". Mtu mzima hupenda kukisia. Katika darasa letu la Torati la Jumapili alasiri, wakulima wenye mvi wamekaa juu ya mabenchi, nimehakikisha hakuna anayekisia.

Mwaka huu, Sikukuu ya Majuma, zamu ilikuwa ya Laurensia. Siku hiyo tunakumbuka kupewa Torati katika mlima Sinai, na Amri Kumi husomwa watu wote wakiwa wamesimama. Laurensia ni mjane wa miaka hamsini na mitatu, mwenye shamba la kahawa kule Kamuli. Alijiandaa miezi minane. Wapita njia walimsikia akipalilia na kuhutubia migomba.

Sababu yake wote tuliifahamu. Mama yake, Bi Nikuze, ni Mkatoliki aliyevuka kutoka Rwanda akiwa msichana, na hakumsamehe binti yake kuliacha kanisa. "Umeiacha dini yangu, kesho utaniacha mimi," alimwambia. Kwa miaka mitatu hakutia tonge mdomoni nyumbani kwa Laurensia. Sasa alikuwa amekubali kuja kumsikiliza, mara moja tu. Binti akiketishwa, hakutakuwa na mara ya pili.

Asubuhi hiyo nyumba ilijaa hadi madirishani. Watu waliziacha kahawa zao mikekani, wakaja wamevaa meupe. Bi Nikuze aliketi karibu na mlango, rozari mkononi, kama mtu aliye tayari kuondoka. Kiongozi wetu, Rwezaura, alipomaliza kusoma Amri Kumi, alimwita Laurensia mbele.

"Baba zangu na mama zangu," alianza, sauti ikipanda, "nitasema juu ya amri ya tano: Waheshimu baba yako na mama yako."

Mwili ulinisisimka kama zamani darasani. Nikasimama.

"Ya nne," nikasema.

Nyuma yangu nikamsikia Vero, mmoja wa wanafunzi wa Jumapili, akinong'ona, "Mwalimu kamnasa."

Laurensia alishusha karatasi. "Shikamoo, Mwalimu Projest."

"Marahaba. Ni ya nne. Keti, mwanangu, utajaribu mwakani."

Bi Nikuze alikuwa ameanza kujifunga kitenge chake vizuri, tayari kwa safari.

"Siketi," Laurensia akasema. "Hiyo ya nne ulinifundisha wewe darasa la tatu. Nilipoisahau ulinichapa viboko viwili."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Na leo umeisahau tena."

"Basi, Mwalimu, tafadhali tusomee pazia."

Pazia hilo hufunika sanduku la Torati. Ingabire, fundi wetu wa kushona, alilitarizi miaka sita iliyopita: mbao mbili za mawe, kila moja na mistari mitano, na katika kila mstari maneno ya mwanzo ya amri, kwa herufi za Kiebrania. Nililitazama kila Sabato kwa miaka sita. Sikuwahi kuihesabu mistari.

Nikasogea, nikaanza ubao wa kulia, kwani Kiebrania husomwa kutoka kulia. Mstari wa kwanza: Mimi ni Bwana Mungu wako. Katika katekisimu ya misheni maneno hayo hayakuhesabiwa peke yake. Yaliunganishwa na yale yanayofuata. Hapa yalisimama yenyewe, amri ya kwanza. Ya pili, usiwe na miungu mingine. Ya tatu, jina la Bwana. Ya nne, Sabato. Na chini kabisa, mstari wa mwisho wa ubao wa kulia: Waheshimu.

"Wa ngapi, Mwalimu?" Rwezaura akauliza kwa upole.

"Wa tano."

Vero akapiga vigelegele, mabenchi yakagongwa kwa viganja. Laurensia akainua mkono.

"Ngojeni, sijaanza bado. Ubao wa kushoto ni wa mtu na jirani yake: usiue, usiibe. Ubao wa kulia ni wa mtu na Mungu wake. Kwa hesabu niliyopewa shuleni, ubao wa Mungu ulikuwa na amri tatu tu, na mama yangu, wa nne, aliangukia upande wa majirani. Nilipoingia nyumba hii nikahesabu upya, nikamkuta mama yuko upande wa Mungu. Aliyesema nimemwacha, na aje alitazame pazia."

Aibu yangu ikaniponyoka. Miaka sitini nilikariri amri hizo, na leo mwanafunzi wangu alinifungulia dirisha ambalo sikujua lipo. Nilipapasa mfuko nitafute kalamu, nikakumbuka kuwa hatuandiki siku ya sikukuu. Nikabaki nikiyarudia maneno yake midomoni ili yasinipotee.

Bi Nikuze alikuwa amesimama. "Mwalimu, mtoto wangu amesema kweli?"

"Kweli tupu, Bi Nikuze. Mimi ndiye niliyekosea."

Akamgeukia binti yake. "Nyumbani kwako leo kuna nini?"

"Mtindi, mama. Na ndizi."

"Nitakula." Kisha akanitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Na maji ya kunawa analeta nani?"

Nyumba nzima ilinigeukia.

Niliyaleta mimi, nina miaka sabini na minne; sikukuu ilipokwisha niliandika jina langu mlangoni, chini ya kanuni, kama mbeba maji. Ijumaa ya pili Rwezaura alinipa baiskeli. Nikamwambia kanuni inasema kubeba. Kufikia Julai chemchemi ilikuwa imepungua na njia kuwa vumbi tupu, lakini kila Jumapili niliketi benchi la mbele darasani, ambako sasa Laurensia ndiye aliyefundisha, daftari wazi, nikiisubiri Jumapili nyingine kama mtoto.

Ijumaa ya saba nilimimina dumu la mwisho. Bi Nikuze alinawa wa kwanza. Laurensia akachungulia pipa.

"Limejaa, Mwalimu. Saba."

Jua lilikuwa halijatua, na Sabato, ambayo nayo hatuandiki, ilikuwa haijaingia. Nikachukua kalamu, nikalikata jina langu kwenye karatasi ya mlangoni.