Kijani Njia Nzima

Jumapili mumewe alimwambia kwamba anaondoka. Hakupiga kelele wala hakumtafutia kosa. Alisema tu moyo wake umetoka, na ameshapata chumba karibu na karakana. Kabla wiki haijaisha, ikaja kazi ambayo isingefanyika bila wao wawili.

Mke alikuwa fundi wa taa za barabarani. Kazini walimbatiza jina la Dakika. Mume alikuwa dereva wa idara hiyohiyo. Barabara kuu ilikuwa na makutano matano, na kila taa ilijiamulia mambo yake, magari yakawa yanaanza na kusimama, yanaanza na kusimama, mpaka madereva wanatukanana. Dakika alitakiwa azipange zishirikiane: mzunguko wa zote ulingane, kisha kila taa ichelewe kidogo nyuma ya iliyotangulia, ili gari lililoruhusiwa pale mwanzo likute kijani njia nzima.

Alifungua kabati la chuma kwenye makutano ya kwanza, akachomeka kompyuta, akaingiza namba zake. Mumewe alikuwa kule mbele kwenye makutano ya tatu, simu sikioni.

"Imewaka?" Dakika akauliza.

"Imewahi mno. Magari hayajafika, na kijani inakaribia kuisha."

"Basi saa ya kabati hilo inakwenda mbele. Lifungue, uirudishe ilingane na hii ninayokusomea."

"Sawa, dada."

Tangu waoane hakuwahi kumwita dada. Dada ni mtu unayempisha mlangoni, unayemuuliza duka la dawa liko wapi. Dakika akajikaza, akamsomea saa mpaka zikalingana, na makabati yaliyobaki wakayapanga hivyohivyo.

Mkuu wao, mtu wa utani asiyejua lolote, akasimamisha pikipiki kando yake akicheka. "Nyie wawili mkiwa kazini, hata taa zinaona haya kugoma! Haya, pandeni gari mkajaribu."

Mumewe akaleta gari mwanzo wa barabara, wakapanda. Taa ya kwanza ikawaruhusu, ya pili ikawapokea, ya tatu vilevile. Zamani, taa za barabara nyingine zikiitikiana hivi, mumewe alikuwa akiimba kwa sauti yake mbovu mpaka Dakika anashika mbavu. Leo aliung'ang'ania usukani kwa mikono miwili kama mtu anayefanyiwa mtihani wa leseni. Dakika akajikuta anaomba taa ya nne iwe nyekundu, wasimame kidogo, apate pa kuanzia kusema. Ikawaka kijani. Ya tano pia.

Mwisho wa barabara mume akaegesha. "Umeipatia," akasema.

"Rudi nyumbani."

"Tafadhali. Usinifanye niseme tena."

"Nimekukosea nini? Niambie nijirekebishe."

"Hujanikosea kitu."

Kosa angeliombea msamaha. Hili halikuwa na pa kushika. Akashuka, akafunga mlango taratibu, akampigia Mkuu kumwambia kazi imekamilika. Kisha akaketi kwenye ukingo wa barabara, begi la vifaa mapajani, akalia bila kujificha, na magari yakampita bila hata moja kupunguza mwendo.

Mumewe aliomba uhamisho, akapewa. Watu waliisifu ile barabara. Walifika makwao mapema, wakamshukuru hata Mkuu, ambaye alipokea pongezi zote bila aibu. Dakika kwa muda mrefu hakuweza kuipita. Alizunguka mitaa ya nyuma, na mama yake, aliyekuja kukaa naye, alipomuuliza mbona siku hizi anachelewa kurudi, alijibu kwamba foleni ni kubwa.