Siku Kumi za Paka wa Bibi Fatu

Bibi Fatu aliteleza kwenye ngazi za kisima chake cha maji ya mvua, akavunjika mfupa wa paja, ikabidi apelekwe hospitali ya Ndanda kufanyiwa upasuaji. Kabla gari halijaondoka aliniita dirishani. Hakuzungumzia mguu. Alizungumzia paka.

"Mwalimu, Karani amezaa. Wako stoo, nyuma ya magunia. Ukiwaacha pale mbwa watawamaliza. Kaa nao mpaka nirudi."

"Nitakaa nao, Bibi."

"Wote."

"Wote, Bibi."

Karani ni paka jike, mweupe mwenye mabaka meusi. Alipewa jina hilo kwa sababu kila jioni alizunguka magunia ya mahindi, gunia moja baada ya jingine, kama karani wa chama cha msingi cha ushirika wakati wa ununuzi wa korosho. Nilimhamishia nyumbani kwetu, mtaa wa pili, pamoja na watoto wanne ambao macho yao yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguka. Niliwaweka kwenye boksi katika chumba cha nje kilicho jirani na jiko.

Nafundisha biolojia sekondari hapa Newala, kwa hiyo nilifanya ninachojua. Kila asubuhi niliwapima kwa mizani ya unga na kuandika uzito kwenye daftari. Mtoto wa paka mwenye afya huongezeka gramu kumi au zaidi kwa siku. Watatu waliongezeka. Wa nne, mweusi, siku ya kumi na moja tangu niwahamishe alibaki palepale, na siku ya kumi na mbili akapungua gramu nne. Nilipomfungua mdomo niliona fizi zimekuwa nyeupe. Nikapekua manyoya: viroboto. Kiumbe mdogo kiasi hicho anaweza kunyonywa damu na viroboto mpaka akafa.

Jioni hiyo, tukiwa tunakula, nilimweleza mume wangu, Erasto.

"Kesho nina usimamizi wa mtihani mpaka saa nane. Nikirudi nitawachana kwa kitana na kuwaosha."

"Unahangaika, Mama Arthur. Viroboto tu."

"Yule mweusi hatafika Jumapili."

Erasto aliendelea kula. Ni mkulima wa korosho, na mwaka jana alipata mafunzo ya upuliziaji wa dawa. Cheti chake kimebandikwa sebuleni. Nusu ya mtaa wanampa mikorosho yao ampulizie. Ni mtu anayependa jambo liishe upesi.

Kesho yake nilirudi saa nane na robo. Ulikuwa mwezi wa nane, mikorosho imetoa maua, na hewa yote ilinuka salfa inayopuliziwa mikorosho. Nilisikia kelele kabla sijafika uani. Jirani yetu Mohamedi alisimama mbele ya mlango wa chumba cha nje, ameshika mpini wa jembe. Binti yake Faidha, mwenye miaka saba, alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, mkono wa kulia ameukunja kifuani. Damu ilikuwa imechirizika mpaka kwenye kiwiko.

"Paka wako ana kichaa," alisema Mohamedi. "Amemng'ata mwanangu. Namuua, Mwalimu."

Nilichungulia ndani. Karani alilala ubavu karibu na boksi. Mwili mzima ulitetemeka, masikio yalirukaruka, mate yalimtoka kwa wingi. Mlango ulipogonga ukuta alishtuka kwa nguvu mpaka miguu yote minne ikanyooka. Watoto walikuwa wanalia.

Hofu ya Mohamedi haikuwa ya kubuni. Miezi mitatu nyuma, kijiji cha jirani, mtu mzima alikufa baada ya kung'atwa na mbwa na kupuuza kidonda. Wote tulikuwa tumeisikia habari hiyo. Nilikuwa nimeitumia darasani.

Nilifunga mlango na kusimama mbele yake.

"Mkono kwanza, Baba Faidha. Paka baadaye."

"Paka kwanza!"

"Kama ana kichaa, virusi viko kwenye kile kidonda sasa hivi. Ukimuua havitoki. Maji na sabuni vinavitoa. Dakika kumi na tano, maji yakitiririka."

Bomba lilikuwa halijatoa maji kwa siku sita. Lilibaki dumu moja la lita ishirini. Nililiinua.

"Dumu zima?" aliuliza.

"Zima."

Aliweka mpini chini akanipokea dumu. Alimimina yeye, mimi nikasugua. Matundu yalikuwa mawili, chini ya kidole gumba. Faidha alilia dakika tano za mwanzo, kisha akawa anatazama maji yanavyopotea kwenye mchanga mwekundu. Dumu lilipokwisha nilimwambia baba yake ampeleke hospitali ya wilaya mara moja, aseme ameng'atwa na paka, na aombe chanjo ya kichaa cha mbwa.

Alimpandisha mtoto kwenye pikipiki. Halafu akanigeukia.

"Mama yake yuko Masasi, kwenye msiba wa dada yake. Nitamwambia nini? Nikirudi nikamkuta yule mnyama bado anatetemeka, namaliza mwenyewe. Yeye na vitoto vyake, maana wamenyonya. Na vitabu vyako viweke kabatini leo."

Nilikadiria nina saa mbili na nusu, pengine tatu, kabla hajarudi.

Nilimpigia simu Yassini, afisa mifugo, ambaye siku hiyo alikuwa Mnyambe akichanja kuku.

"Kichaa au sumu, kwenye simu siwezi kukuambia," alisema. "Alikuwa anakula jana?"

"Jana jioni alikula vizuri sana. Asubuhi saa kumi na mbili alikuwa anatembea."

"Mmh. Kichaa hakiji hivyo mara nyingi, ila sikupi dhamana. Mnuse. Kwa mbali, na uvae kitu mikononi."

Nilivaa glovu za kuoshea vyombo na koti la mvua, nikaingia na kuinama. Harufu ilitoka shingoni na mgongoni, mafuta kama ya taa na juu yake ukali fulani. Naijua harufu ile. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa saba, inakaa kwenye nguo za mume wangu, anapopulizia mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi.

Erasto alipokea simu akiwa shambani.

"Asubuhi ulimfanyia nini paka?"

"Nimewasaidia," alisema kwa furaha. "Nimempaka ile dawa ya mbu wa mikorosho. Kifuniko kimoja tu, kwenye maji. Watoto sikuwagusa, wadogo mno."

"Anakufa."

"Kwa kifuniko kimoja? Mbuzi tunawapaka kila mwaka kwa ajili ya kupe. Kuna aliyekufa?"

"Paka si mbuzi. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hiyo, na alichopakwa anakilamba. Na amemng'ata Faidha."

Nilisikia upepo kwenye majani.

"Mohamedi anajua?" aliuliza.

"Anajua ni kichaa."

"Basi mwache ajue hivyo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama Arthur, nisikilize. Mtoto atachomwa sindano zote, si ndiyo? Hatadhurika. Paka atakufa hata hivyo, umesema mwenyewe. Nikionekana nimeshindwa kupima dawa ya paka, nani atanipa mikorosho yake?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Faidha angekuwa salama kwa vyovyote. Lakini paka angeuawa kwa kosa lisilo lake, pamoja na watoto wanne niliosema nitakaa nao. Na dawa ile ingeendelea kuzunguka mtaani kwenye chupa za soda. Mtu akishaipaka mbuzi na paka, mwingine ataipaka kichwa cha mtoto mwenye chawa. Nilimwambia arudi nyumbani, nikakata simu.

Nilimpigia Yassini tena, akaniagiza nimwoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, nisimpe kitu mdomoni, nimkaushe na kumpa joto. "Kisha mfungie siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi, basi siku aliyong'ata hakuwa na kichaa kwenye mate. Hiyo ndiyo sheria." Nikamuuliza, na akifa? "Akifa hatujui kitu mpaka kichwa kifike maabara. Kwa hiyo asife."

Maji yaliyobaki ndani yalikuwa ya kunywa, ndoo moja. Niliyapasha moto yote. Nilimviringisha Karani kwenye gunia kichwa kikiwa ndani, nikamwosha mgongo, nikasuuza, nikarudia mara tatu. Kila nilipomgusa alikakamaa. Mara mbili meno yake yalishika gunia sentimita chache kutoka kwenye kidole changu, na mara zote mbili nilisimama, nikahesabu mpaka kumi, nikaendelea. Harufu ilipungua. Mtetemeko haukupungua. Nilimlaza kwenye tenga la kuku juu ya khanga kavu, pembeni nikaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Watoto niliwafuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikawatenga kwenye beseni, nikawanywesha maziwa ya mbuzi kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Watatu walinyonya. Mweusi alinyonya kidogo akaacha.

Saa kumi na moja kasoro nilisikia pikipiki.

Faidha alishuka wa kwanza, mkono umefungwa bandeji.

"Shikamoo, Mwalimu. Karani amekufa?"

"Marahaba. Hajafa."

Mohamedi alipita bila salamu akaenda moja kwa moja kwenye tenga. Karani alitetemeka humo ndani, mate yakimtoka. Mohamedi aliokota mpini wake pale alipouacha.

"Nilikuambia, Mwalimu."

"Hiyo ni sumu, Baba Faidha. Ni dawa ya mikorosho."

"Nani ampe paka dawa ya mikorosho?"

Erasto alikuwa ameshaingia uani. Alisimama kando ya baiskeli, mashine ya kupulizia bado mgongoni. Alinitazama. Nilisubiri kiasi cha pumzi tatu ili aseme mwenyewe. Hakusema.

"Mume wangu," nilisema. "Asubuhi, kwa ajili ya viroboto. Mnyama aliyepata sumu ile hata ukimgusa kwa wema anang'ata. Hajui anachofanya."

Mohamedi aligeuka taratibu.

"Kweli, Baba Arthur?"

"Nilitaka kuua viroboto," alisema Erasto.

"Fundi wa dawa!" Mohamedi alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Mwenye cheti! Wewe ndiye unayenipulizia mikorosho yangu, na watoto wangu wanaokota mabibo chini yake?"

Erasto aliangalia chini. Mohamedi akanirudia mimi.

"Sawa. Ni dawa. Niapie kwamba hana kichaa."

"Siwezi kuapa."

"Huwezi?"

"Sumu ipo, nimeinusa na aliyeipaka amekiri. Lakini kuwa na sumu hakumzuii kuwa na kichaa. Kinachoweza kujibu ni siku kumi akiwa hai. Ukimpiga sasa, unalivunja jibu lenyewe."

Erasto aliniangalia kana kwamba nimemsaliti mara ya pili. Mpini ulikuwa bado juu. Nilikuwa mbele ya tenga, na nakiri kwamba sikujua kama angenipisha au angenipiga.

"Baba," alisema Faidha. "Mimi ndiye nilimshika. Alikuwa anatetemeka, nikadhani ana baridi."

Mohamedi alimtazama binti yake. Kisha aliteremsha mpini, akatoka, akarudi na kufuli la baiskeli yake. Alifunga mlango wa tenga, akatia ufunguo mfukoni.

"Siku kumi," alisema. "Mlango nafungua mimi, asubuhi na jioni, na chakula anawekewa mbele yangu. Akianguka siku ya tisa, usinifundishe kitu."

Yassini alifika jua likizama, akamchoma Karani sindano ya kutuliza misuli, akaandika karatasi ya kumtenga.

Mtoto mweusi alikufa siku ya pili. Niliandika: gramu 231, amekufa. Siku ya tatu mtetemeko ulibaki masikioni tu. Siku ya nne Karani alikula dagaa watano, na Yassini akaruhusu watoto watatu warudishwe kwake humohumo kwenye tenga, baada ya kumwosha tena. Mohamedi alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda shambani na kila jioni kabla ya magharibi. Alichuchumaa, akatazama paka anakunywa maji, akafunga kufuli, akaondoka. Mimi alinisalimia kuanzia siku ya tano. Erasto hakumsalimia.

Siku ya saba Karani alikataa chakula cha asubuhi. Mohamedi alisimama pale zaidi ya nusu saa. Sikuwa na maelezo na sikumtungia. Jioni alikula sahani yote.

Siku ya kumi Yassini alikuja na karatasi zake. Mohamedi alifungua kufuli. Karani alitoka, akajinyoosha, akamnusa kiatu, akaenda kukaa juani. Faidha alisimama nyuma ya baba yake, mikono ameificha mgongoni. Yassini alimkagua paka akasaini.

"Mzima," alisema. "Kwa hiyo Baba Faidha, kwa utaratibu, ukiwaonyesha hospitali karatasi hii wanaweza kusimamisha sindano zilizobaki."

"Atamaliza zote."

"Hakuna sababu ya…"

"Atamaliza zote."

Yassini alinitazama ili nieleze. Takwimu nilikuwa nazo. Sikueleza.

Mohamedi akamgeukia Erasto, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa nyumba. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa siku kumi.

"Dawa yangu iliyobaki kwako, Jumatatu nitakuja kuichukua. Nitapuliza mwenyewe."

Erasto aliingia ndani. Alirudi na chupa mbili, lebo zake zikiwa bado safi, na kinyago chake cha kupulizia.

"Ya nini kungoja Jumatatu," alisema. "Chukua. Na hiki. Usipulize bila hiki."

Mohamedi alipokea chupa. Kinyago alikiangalia kwanza, akakigeuza upande wa ndani, kisha akakichukua nacho.